Sifa za Kungoja Jibu la Chuo

Kila kitu duniani kina wakili wake. Mvua ina wakulima wa kuitetea hata inapobomoa daraja. Ndoa ina wazee wenye mahari ya kupokea. Na mauti yenyewe, ambayo hakuna aliyepata kuyakaribisha nyumbani kwake kwa hiari, hayakosi mtu wa kusimama kando ya kaburi na kusema kwamba yamempumzisha mgonjwa. Kungoja peke yake ndiko kulikoachwa yatima katika baraza la sifa. Na tena si kuachwa tu, bali kusingiziwa, maana wahenga, ambao kwa kawaida ni watu wa insafu, walisema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na tangu siku hiyo hakuna tabibu aliyeulizwa wala tumbo lililopimwa. Nami, kwa kuwa nawajua wangojao wa Kumsenga, katika wilaya ya Kibondo, ambako hakosekani mwalimu wa sekondari aliyeomba shahada ya uzamili ng'ambo akawa anasubiri neno, nimeona ni dhuluma kunyamaza. Basi natia nia ya kusifu kungoja, hasa kule kulikokomaa kuliko kote, yaani kungoja jibu la chuo kikuu, na baada ya jibu hilo, kungoja jibu la pili la yule atakayelipa.

Desturi ya msifu ni kuanza na nasaba ya msifiwa, na hapo sina haja ya kutunga lolote, kwa sababu Mkoa wa Kigoma ndio shina la ukoo huu. Palikuwa Ujiji, mwaka 1871, ambapo David Livingstone aliketi akiwa mgonjwa na mwenye kupungukiwa na kila kitu, akitazamia barua na shehena ambazo hazikufika; na kumbe mfuko wa barua zake, ulioondoka Unguja mwezi wa Novemba 1870, ulikuwa umelala Unyanyembe, karibu na Tabora, mpaka Henry Morton Stanley alipoupata akampelekea, umri wake ukiwa umetimia takriban mwaka mzima. Watu wote hukumbuka namna Stanley alivyomwamkia mzee yule. Wachache hukumbuka yaliyofuata, nayo ndiyo yatuhusuyo: kwamba Livingstone alipohimizwa asome barua zake aliuweka mfuko magotini, akazitupia macho moja mbili, kisha akataka kwanza asimuliwe habari za ulimwengu, kwa kuwa subira, kwa maelezo yake mwenyewe, alikwisha kufundishwa. Huyo namhesabu kuwa mhitimu wa awali wa chuo ninachokisifu, na cheti chake kilitolewa palepale ufukweni mwa Ziwa Tanganyika.

Hata vyombo vya Kigoma vina damu hiyo. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Goetzen, ikasafirishwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma. Na mwaka 1916, vita ilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe, lakini si kabla ya kuipaka mitambo yake grisi nzito. Ikangoja chini ya maji mpaka ilipoinuliwa mwaka 1924 chini ya utawala wa Waingereza, na mwaka 1927 ikarudi kuchukua abiria. Mwombaji aliyenyamaziwa na chuo kwa miezi mitano na asiizingatie miaka tu, bali aizingatie na ile grisi. Ama Waha wenyewe, wa Kibondo na wa Kasulu, zama za mkonge walikwenda Tanga kuwa manamba, na kuanzia mwaka 1944 palikuwapo Silabu, ofisi ya mabwana wa mashamba iliyokusanya wafanyakazi kutoka mbali. Na kila aliyeandikiwa kipande cha kazi aliacha nyuma mke, mama na shamba, wote wakiitazama njia. Kwa hiyo kijana wa Kumsenga anayeikodolea macho simu yake asidhani amezua jambo jipya. Bibi yake alikwisha kuikodolea macho barabara ya Kasulu, naye hakuwa na hata chaji ya kulaumu.

Baada ya nasaba huja fadhila, na ya kwanza ni ukarimu. Vyuo vikuu vya dunia hii ni vigumu vya milango. Kimoja hutaka ada ya maombi kwa dola, isiyorudishwa hata kwa yule wanayemkataa. Kingine hutaka mtihani wa Kiingereza ambao matokeo yake hufa baada ya miaka miwili, kana kwamba Kiingereza ni maziwa. Cha tatu hutaka mtihani wa GRE, ambao ada yake ni dola 220, fedha ambazo mwalimu wetu angeweza kuzifanyia mambo mengi, na la mwisho katika hayo lingekuwa kujibu maswali ya pembetatu. Na mitihani hiyo haifanyiki chini ya mwembe wa Kibondo, bali aghalabu humpasa mtu apande basi aende mji mkubwa, alale kwa ndugu, aamke na wasiwasi. Kungoja hakudai hata kimoja katika hayo. Humpokea kila aliyekwisha kutuma maombi, siku ileile, pasi na mdhamini wala barua tatu za maprofesa. Wala hakumtazami alisoma wapi, wala darasa la shahada yake. Na ufadhili wake ni kamili, jambo ambalo Harvard haiwezi kujisifia kwa kila mwanafunzi wake, kwa kuwa chakula, malazi na vocha ya simu ya huyu mwanachuo hutolewa na shangazi, na kaka, na mke mwenye shamba la maharage, ambao hawakutia saini mkataba wowote.

Fadhila ya pili ni elimu, maana chuo hiki hakikai bila kufundisha. Mwalimu wetu, aliyeandika kwamba anataka kuchunguza ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaoiozesha mihogo ardhini, aliingia katika kungoja akiwa mtu wa baiolojia tupu. Haujapita muda mrefu, amekuwa mwanajiografia, anajua bei ya chumba katika miji ya Iowa ambayo wenyeji wa Iowa wenyewe hawaijui. Amekuwa mtu wa falaki, anajua kwamba wakati wa baridi ofisi za Boston hufunguliwa saa kumi na moja jioni ya Kibondo na kufungwa saa saba usiku, na kwa sababu hiyo zamu yake ya kulinda simu huanza ng'ombe wanaporudi zizini na kwisha majogoo wakinoa sauti. Amekuwa pia mfasiri wa maandiko, hodari kuliko sheikh yeyote, kwani barua pepe ya mstari mmoja isemayo kwamba maombi yake yanaendelea kushughulikiwa, iliyoandikwa na mashine bila mkono wa binadamu, yeye huifanyia sherehe ya kurasa kumi, akatofautisha yaliyo dhahiri na yaliyofichika, na akapata humo dalili za rehema. Na katika adabu amepanda daraja isiyo kifani: amejifunza kuandika barua ya kuuliza ambayo ndani yake hakuna swali, ila shukrani, na dua ya afya, na kutajwa kwa mbali sana kwa tarehe.

Hapa nina lawama moja, nayo siwezi kuizuia. Ufadhili wa Chevening, ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1983, humtaka mwombaji aonyeshe kwamba amefanya kazi kwa saa 2,800 zisizopungua, na huzikubali hata saa za kujitolea. Lakini saa za kungoja hazimo katika hesabu. Mtu anatuma maombi yake kabla ya mwaka kwisha, naye neno la mwisho hulipata kunako mwezi wa Juni, na miezi yote hiyo ya kazi nzito isiyo na likizo huandikwa sifuri. Ni taksiri kubwa, na siku itakaporekebishwa nina yakini kwamba Kumsenga itakuwa na wataalamu waliobobea kuliko London.

Fadhila ya tatu ni kwa jamaa na majirani. Kwa Waha salamu si kitu cha kurushwa mtu akipita. Ni ibada, ina vituo vyake, ina kuinama kwake na makofi yake, na aliye na haraka ni heri apitie njia nyingine. Kungoja kwa mwalimu kumeongezea ibada hiyo kituo kipya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, mzee."

"Na Wazungu je, wamesemaje?"

"Bado, mzee. Hawajajibu."

"Basi wanakutafutia nyumba," akasema mzee, akiwa na uhakika wa mtu aliyekwisha kuozesha mabinti wanne. "Mgeni hajibiwi kabla hajapatiwa pa kulala."

Ni nani katika ofisi zote za vyuo aliyepata kutoa maelezo mazuri kama hayo? Tena, maadamu jibu halijafika, mwalimu huyu hukaa katika cheo ambacho hakuna jibu litakaloweza kumpa. Mwenye duka humkopesha sukari, kwa dhamana ya Marekani yote. Mkuu wa shule hampi zamu ya kusimamia choo, asije akakumbukwa vibaya na daktari wa kesho. Na baba wa mchumba wake, ambaye alikwisha kukaribia kutaja kiasi cha mahari, ameahirisha kikao mara kwa mara, kwa kuwa hajui kama anamwoza binti yake kwa mwalimu wa Kibondo au kwa mtaalamu wa Chicago, na muungwana hakati bei ya kitu asichokijua. Jibu likija, liwe la heri au la shari, neema zote hizo huvunjika siku moja.

Sasa niwageukie mahasidi. Wa kwanza husema kwamba kungoja hupoteza ujana. Hao nawaelekeza kwa Julius Nyerere, aliyetoka Makerere mwaka 1945 akafundisha Tabora, na hakuwasili Edinburgh ila mwaka 1949, akatoka na shahada yake mwaka 1952. Miaka ile ya Tabora haikuwa kovu katika maisha yake. Alikuwa akifundisha, akisoma, akibishana na watu, mitambo yake ikiwa imepakwa mafuta. Anayengoja na mikono mapajani huyo hangoji, huyo amekaa tu, na kukaa si katika mambo niliyotumwa kuyasifu.

Wa pili husema kwamba jibu, liwalo lote, ni bora kuliko kungoja. Maskini, hawajapata kujibiwa! Jibu la kukataliwa huja na mistari mitatu, ya kwanza ikishukuru, ya pili ikieleza kwamba waombaji walikuwa wengi na wote ni hodari, ya tatu ikimtakia mtu kila la heri katika mambo ambayo wao wamekwisha kuyazuia. Lakini liko jibu la ajabu kuliko hilo, nalo ni lile la kukubaliwa bila ufadhili, linaloanza kwa pongezi na kwisha kwa ankara. Chuo kimefurahi kumpa mwalimu nafasi; kinachobaki ni kitu kidogo, kwamba aonyeshe fedha. Uingereza itataka ithibati kwamba fedha za kujikimu zimekaa katika akaunti yake siku 28 mfululizo bila kupungua, katika nyumba ambayo shilingi haijapata kulala siku mbili. Ujerumani, kwa kiwango kilichoanza Septemba 2024, itataka yuro 11,904 ziwekwe katika akaunti iliyofungwa, azichote kidogo kidogo kwa mwezi kama mtoto aliyewekewa mlezi. Marekani itataka hesabu za benki kabla chuo hakijatoa fomu ya I-20, na fomu ikija itadai dola 350 za kuandikisha jina lake tu, kabla ya kuitaja viza. Ndipo atakapotambua kwamba zile siku za mashaka zilikuwa karamu.

Ikiwa lakini neema imezidi, na majibu yamekuja zaidi ya moja, tena mengine yakiwa na fedha, huanza ile sehemu ya kungoja iliyo ya waliobobea, nayo ni kupima. Tuseme mwalimu ana barua tatu. Ya kwanza ni ya chuo chenye jina kubwa, ambalo hata mwenye duka amelisikia, nacho hakimpi senti. Ya pili ni ya chuo cha mji mdogo wa Marekani, kinachomsamehe karo na kumpa posho ya kila mwezi, kwa sharti la kusahihisha kazi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ya tatu ni ya chuo cha hapa nchini, tuseme Sokoine pale Morogoro, yenye nusu ya karo na msimamizi anayeujua muhogo kwa kuugusa. Kijiji chote kitashika ya kwanza, kwa ajili ya jina. Mizani ya kweli haipimi jina, hupima maswali: je, karo iliyosamehewa ni yote, au imeachwa ile michango midogo ambayo ikijumlishwa si midogo? Bima ya afya ni juu ya nani? Posho ni ya miezi tisa au kumi na miwili, na kama ni tisa, ile mitatu ya kiangazi mtu atakula nini? Ahadi ni ya mwaka mmoja, au imeandikwa mpaka mwisho wa masomo? Je, dola zile, zinazoonekana hazina zikitazamwa kutoka Kumsenga, zitabakia ngapi mwenye nyumba wa Boston akishachukua chake? Na, kwa kuwa vyuo vya Marekani aghalabu huwalipia wa uzamivu na kuwaacha wa uzamili wajitegemee, je, barua hii ya ufadhili imeandikwa kwa shahada aliyoiomba yeye, au kwa nyingine? Katika kikao cha namna hiyo wahenga waliosingizia kungoja hujirekebisha wenyewe, wakakumbusha kwamba heri kenda shika kuliko kumi nenda urudi, na kwamba mshika mbili moja humponyoka.

Na katika kupima huku ndiko ninakokuona kungoja katika adhama yake yote. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana, kwa azimio la baraza lao la masomo ya uzamili, kwamba mwanafunzi aliyepewa ahadi ya fedha hatalazimishwa kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Tazama maana yake. Kuanzia siku barua ilipofika hadi tarehe hiyo, si mwalimu anayekingoja chuo. Ni chuo, chenye maktaba yake, na maabara yake, na wadhamini wake waliopigwa picha, kinachomngoja mwalimu wa Kumsenga. Mvua za masika zinanyesha, njia zimekuwa tope, mtandao umekwenda zake pamoja na umeme, na mahali fulani katika ofisi yenye zulia yupo mtu anayefungua barua pepe zake asubuhi akajiuliza kwa nini yule bwana wa mihogo hajajibu. Nani atakayesema kwamba tumbo linaloumia wakati huo ni lile la Kibondo?

Hapa, hata hivyo, mzaha wangu una mpaka, na mpaka huo si mbali na tulipo. Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, ni kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa Kongo. Na Nduta, katika wilaya yetu ya Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipokimbia tena. Humo walizaliwa watoto, wakasoma, wakafaulu, na wanachongoja hakina tarehe 15 ya mwezi wowote. Kungoja kwao sikusifu, wala asisimame mtu kukusifu mbele yangu. Kwa hakika, baada ya kupekua fadhila zote nilizozitaja, naona kwamba nilichokuwa nikikisifu muda wote si kungoja kwenyewe, bali siku iliyowekwa: kule kujua kwamba anayekungojesha naye amefungwa na kalenda, na kwamba zamu ya kungoja itampata na yeye. Pasipo siku hiyo, sifa zote hizi huwa maneno ya mtu aliyeshiba.

Ndiyo sababu wosia wangu kwa mwalimu wetu, siku atakapokuwa na barua tatu mkononi, ni mfupi. Achukue muda wake wote aliopewa, asione haya; ampige chenga mwenye duka, amsikilize mzee wa nyumba za Wazungu, apime karo na posho na bima mpaka aridhike. Lakini akishachagua moja, zile mbili azikatae kwa maandishi jioni ileile, asizishikilie kwa fahari ya kuzionyesha barazani. Nafasi anayoishikilia bila kuitaka ina mtu wake aliyewekwa katika orodha ya akiba, pengine Mabamba, pengine Lubumbashi, pengine Hanoi, naye pia ana shangazi anayemlipia vocha na baba mkwe asiyetaja mahari. Kungoja ni kitu kizuri mno, nimekwisha kuthibitisha. Na kwa uzuri wake huo haijuzu kumgawia mwenzio hata siku moja zaidi ya fungu lake.